Kitabu Kilicholala Juu ya Simu

Basi lilimtema msafiri mahali asipopajua, akiwa bado na nusu ya usingizi shingoni. Alikuwa akiota anasoma kibao cha barabarani kilichoandikwa kwa lugha aliyoisahau kadiri alivyoisoma. Basi lilipofunga breki, simu ikamteleza gotini, ikagonga chuma cha kiti na kulala sakafuni kifudifudi kama mtu aliyeletewa habari mbaya. Alipoiokota, kioo kilikuwa utando wa buibui. Nyuma ya utando huo kulikuwa na ramani yake, jina la nyumba ya wageni na namba ya mwenyeji wake. Msafiri huyu alijua kuomba maji kwa lugha nyingi, lakini mtu akishushwa asipopajua na simu imekata roho, lugha zote humwacha kwenye mataa.

"Pole, mjomba," alisema kondakta, akimshushia begi. "Nenda kwa Shangazi. Fuata ukuta huo mpaka usikie mtu anasoma."

"Nisikie mtu anasoma?"

"Ee. Kibao chake kilianguka siku nyingi. Ukiona kimya, ujue umepita."

Akaufuata ukuta. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na vidimbwi vilikuwa vimebeba vipande vya mbingu ambavyo watu walivikanyaga bila kuomba radhi. Alipita duka la mishumaa na sabuni, akapita kinyozi aliyelala kwenye kiti cha wateja, akatega sikio. Hakusikia mtu anayesoma. Akafika ukuta ulipoishia, akarudi polepole, na safari hii kilichomsimamisha kilikuwa mwanga. Kwenye dari ya chumba kimoja chembamba kulikuwa na madoa mengi madogo ya nuru, yakitetemeka kama samaki wadogo kwenye maji ya kina kifupi. Dirishani palikuwa na mtungi wa glasi uliojaa vipande vya vioo vya simu, na jua la alasiri lilikuwa linapita ndani yake.

Mwanamke wa makamo, aliyevaa lenzi kwenye jicho moja na kitambaa cha kazi kiunoni, alikuwa anafungasha. Rafu zilikuwa karibu zote tupu, na ukutani zilibaki alama za weupe mahali ambapo vitu vilisimama miaka mingi. Nje, kwenye gari dogo la mizigo, mwanamume mwenye kofia alikuwa anavuta kamba juu ya maboksi.

"Umechelewa, baba," mwanamke alisema. Kisha akaiona simu mkononi mwake. "Haa. Hii imeanguka au imepigwa?"

"Imeanguka kwenye basi."

"Usingizi huo." Akapokea simu, akaigeuza, akaipitishia kidole ukingoni kama daktari anayetafuta mbavu. "Kaa."

"Dada!" dereva alipiga kelele kutoka nje. Alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamrishwa tangu utotoni. "Si ulisema yule wa jana ndiye wa mwisho?"

"Wa jana alikuwa wa mwisho wa jana. Funga kamba."

"Barabara ina mashimo! Giza litatukuta njiani!"

"Mashimo hayaendi popote. Mimi sifungi duka mbele ya mtu aliyebeba kioo kilichopasuka."

Ndivyo msafiri alivyoketi kwenye benchi la Shangazi, siku ambayo Shangazi alikuwa anahama. Mjini pale hakuna aliyemwita kwa jina lake. Binti yake, muuguzi katika mji mwingine ng'ambo ya vilima, alikuwa amejifungua wiki chache nyuma, na alimwita mama yake aje kulea. Duka lilikuwa limeshapata mpangaji, muuza makava ya simu. Shangazi alikuwa ameanza kufungasha tangu wiki iliyopita, kwa mwendo wa kinyonga mwenye mashaka.

Alikitoa kioo kwa kukipuliza joto, akakiinua kidogo kidogo kwa ulimi mwembamba wa plastiki, huku akizungumza bila kuinua uso. Alizaliwa nyuma tu ya ukuta ule. Aliolewa na fundi wa redio, na chumba hiki kilikuwa cha mumewe. Siku hizo meza yote ilikuwa redio zilizofunguliwa matumbo, na ili kujua kama redio imepona ilibidi iwashwe iseme. Kwa hiyo kutwa nzima palikuwa na watu wanaoongea humu ndani: wanaotangaza mazao, wanaoigiza michezo, mwanamke analia mlango umefungwa, mvua ya uongo inanyesha. Yeye alikuwa anashika taa na kusikiliza. Ufundi ulimwingia kwa mikono na hadithi zilimwingia kwa masikio, na baadaye hakuweza tena kuvitenganisha.

"Mume wangu alipofariki, redio nazo zikaacha kuja, kama waliagana. Zikaja simu. Nikajifunza simu. Lakini simu ukiitengeneza haisemi, baba. Unaifunga, inawaka, mwenyewe anaipokea, anainamisha kichwa, anaondoka. Nikawa kama bubu aliyepewa jiko la kuwapikia viziwi."

Na wateja walikuwa wabaya kuliko simu. Kijana akiacha simu mezani, mikono yake haikujua pa kukaa. Wengine walitazama ukuta kama kuku wa mvua. Wengine walijipapasa mfuko mtupu na kushtuka kila dakika, wakidhani wameibiwa.

Vitabu vilikuja kwa njia ya uzito. Kioo kipya kikishawekwa gundi hutaka kulaliwa na kitu kizito, kilicho sawa, hadi gundi ishike. Jiwe lina nundu, hupasua. Mpiga chapa wa jirani alipofunga kiwanda chake alimwachia sanduku la vitabu ambavyo hakuna aliyekuja kuvichukua, na Shangazi akavipima mkononi kimoja kimoja kama mtu anayechagua mihogo. Vyembamba alivirudisha. Vinene akaviweka rafuni, kimoja kwa kila simu.

"Kitabu kinalala juu ya simu kama mtu aliyeshiba. Hakikandamizi upande mmoja. Siku moja akaja kijana, mrefu, wale wa kutikisa mguu. Nikamwambia, baba, mguu wako unanitikisia meza, na mimi nashika kitu kidogo kuliko kiroboto. Chukua kitabu usome kwa sauti, mguu utatulia. Akasema, 'Shangazi, sisi hatusomagi.' Nikamwambia, soma, ukishindwa nitakusamehe."

"Akasoma?"

"Alisoma kama anapanda ngazi amebeba gunia. Lakini mguu ulitulia. Nilipomaliza nikamwita, simu yako tayari. Akaniambia, 'Subiri kwanza, Shangazi, huyu jamaa yuko ndani ya kisima.'"

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi ya chumba. Mwenye simu mezani anasoma kwa sauti kutoka pale wa kabla yake alipoachia. Simu ikipona, anaondoka na kipande chake, na kijacho kinachukuliwa na mwingine. Kitabu kimoja kilipita vinywani mwa watu wengi: mwenye kigugumizi, mwenye mbwembwe za msomaji habari, msichana aliyekuwa akisoma maneno ya mapenzi kwa kuyarukia kama vidimbwi. Waliokwisha kuondoka walikuwa wanarudi kuchungulia dirishani: Shangazi, yule wa kisimani alitoka? Naye anajibu, umeleta simu? Hujaleta. Basi ingia, usimame, usizibe mwanga.

Msafiri alimwambia kwamba kila mji aliopita alisikia wazee wakilalamika kuwa vijana wameacha kusoma, kioo kimewala.

Shangazi akacheka puani. "Wanasoma kutwa kucha, hao. Mimi ndiye ninayevifungua hivyo vioo, naviona vilivyochakaa. Ila wanasoma kama mtu anayekula amesimama, mlangoni, viatu mguuni. Mimi nawapa kiti tu."

Kioo kipya kilikuwa kimekaa. Akakifuta kwa pumzi na kitambaa, akapitisha gundi pembeni kwa sindano nyembamba kuliko unywele, akaifunika simu kwa kipande cha kanga kuukuu. Mkono wake ukaenda wenyewe nyuma kwenye pembe ya meza, ukashika kitabu kilichokuwa pale na kukilaza juu. Kisha ukabaki hewani.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti ndogo.

"Nini?"

Hakupata muda wa kujibu, kwani mlangoni aliingia msichana wa sare ya shule, ametota jasho mabegani, akihema, mkoba ukimpiga mgongoni. "Shangazi! Nimekimbia! Mwalimu alitaka kutubakiza. Kiko wapi?"

"Siku hizi huwa hamsalimii?"

"Shikamoo Shangazi, shikamoo mjomba, kiko wapi?"

Shangazi alionyesha kwa kidevu. Msichana akatazama meza, akatazama kitabu, akaona ncha ya kanga inachungulia chini yake. Akashika kichwa.

Huyu waliyemwita Kishindo alikuwa ameliingia duka hili mwanzoni mwa mvua, na simu iliyopasuka kweli kweli. Alisoma kurasa chache za kitabu hicho hicho, simu ikapona, akaondoka. Baada ya muda mfupi akarudi, imepasuka tena. Kisha tena. Simu yake ilianguka kuliko mtoto anayejifunza kutembea.

"Nikamuuliza," Shangazi alimwambia msafiri, "mwanangu, unaiangushia wapi? Akasema kwenye ngazi. Nikamwambia, ngazi gani, na nyumba ya mama yako naijua, haina ghorofa?"

"Shangazi jamani, mbele ya wageni!"

"Alikuwa anaigonga ukutani apate sababu ya kuja kujua mama wa darajani amefikia wapi! Nikamwambia, wewe Kishindo, njoo na mdomo wako tu. Simu iache nyumbani ipumzike."

Kitabu chenyewe kilihusu mwanamke mlinzi wa daraja. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga kizuizi. Aliwavusha watu wote, wenye harusi na wenye majeneza, waliokimbia na waliorudi, wala yeye hakuwahi kuvuka. Ng'ambo aliiona kila siku, moshi wake, taa zake, na alijua majina ya watoto wa huko. Kila mara alipotaka kuvuka alikuja mtu wa kuvushwa. Ameshazeeka, na sasa daraja lenyewe limepata mlinzi mpya. Zilibaki kurasa chache. Kishindo alikuwa ameahidi kuzimaliza leo kabla ya gari kuondoka. Vitabu vingine vyote vilikuwa ndani ya maboksi, chini ya kamba za dereva, na hiki kimoja kiliachwa nje kwa ajili ya hilo tu. Sasa kilikuwa kimelala juu ya simu ya mtu, na gundi ilikuwa mbichi.

"Tukitoe kidogo tu," alisema Kishindo.

"Ukikitoa kioo kinahama. Kikihama kinakaa upogo, na upogo hauna dawa."

"Tuweke hili birika basi." Rafuni, peke yake, palikuwa na birika la bati lililochubuka rangi.

"Lina tumbo hilo. Litayumba." Kisha, haraka kidogo: "Na hilo halitoki hapo. Linabaki."

"Dada!" Honi ililia, ndefu, ya kukata tamaa. "Birika nalo si ulisema linabaki kwa sababu labda utarudi? Utarudi wapi, duka ni la mtu!"

Shangazi alivua lenzi, na msafiri akaona kwamba jicho lililokuwa nyuma yake limechoka kuliko lile jingine, limezungukwa na duara jekundu. Mwanamke akaketi kwenye kiti chake, akaweka mikono kwenye mapaja.

"Nisikilizeni," alisema. "Mimi sijawahi kulala nje ya mji huu. Hata usiku mmoja. Wote ninaowajua wamepita hapa wakaenda, na mimi niliwapa simu zao nikawaambia safari njema. Binti yangu mwenyewe alisimama hapo hapo mlangoni na begi. Nimeshamwambia nakuja. Lakini miguu yangu sijaiambia." Akacheka, ila kicheko hakikufika mbali. "Nilijisemea, nitasikia kwanza huyu mama kama alivuka. Kama hakuvuka, kitabu kinene hivi, mtu mwenye nguvu kuliko mimi, basi nami nitamwambia mdogo wangu ashushe maboksi. Ni upuuzi, najua. Lakini ndivyo nilivyojisemea."

"Si usome mwenyewe ukifika, kitabu ubebe," msafiri alisema.

"Nikisoma mwenyewe naona maandishi. Nikisomewa naona watu. Na nikishafika itakuwa na maana gani?"

Madoa ya nuru yalikuwa yameanza kushuka ukutani. Msafiri alitazama kitabu, jalada lake limelika, na pembeni ya kurasa, upande wa chini, aliona alama nyeusi nyingi za vidole gumba: vijana wote wale, kwa mazoea ya vioo vya simu, walikuwa wamesukuma karatasi juu ili maandishi yapande. Akafikiria ramani yake iliyolala chini ya kitabu, nyumba ya wageni, mwenyeji anayemsubiri. Ilikuwa kama kufikiria mambo ya mtu mwingine.

"Nibane mimi," alisema.

"Nini?"

"Nitaibana mimi kwa mikono. Kitabu kisomwe."

Shangazi alimtazama kwa mara ya kwanza vizuri. "Utachoka, baba. Gundi haina haraka."

"Sina pa kwenda. Sijui hata nilipo."

Kishindo akaangua kicheko, akajiziba mdomo. Shangazi alisogea. Kwa mkono mmoja alishikilia kitabu, kwa mwingine akampanga msafiri vidole, kiganja chini ya simu, kiganja juu, kitambaa katikati. "Usilegeze, usikaze. Kama umeshika kifaranga. Ukiwashwa pua, samehe." Kitabu kikainuka na viganja vikafunga. Ndani yake simu ilikuwa bado na joto, kama yai.

Kishindo akafungua, akasafisha koo, na chumba kikabadilika.

Hakuwa msomaji wa mbwembwe. Alisoma kwa sauti ya kawaida, akizama taratibu, na maneno yakaanza kuchukua nafasi ya vitu vilivyoondolewa rafuni. Msafiri, ambaye hakujua mwanzo wa kisa, aliona ukungu unapanda kutoka mtoni, akaona kizuizi kimepakwa rangi nyekundu iliyokwisha, akamwona mlinzi mpya, kijana, anauliza funguo zinakaa wapi. Mama wa darajani alimwonyesha kila kitu. Alimwonyesha ubao unaolia mtu akiukanyaga. Honi ya dereva ililia kama ndege wa ng'ambo ile. Kinyozi aliyekuwa amelala sasa alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani, na dereva mwenyewe alishuka kuja kufoka, akafika kizingitini, akakuta kijana wa kitabuni anamuuliza yule mama, "Na wewe utakaa wapi sasa?" Akabaki hapo hapo, mdomo wazi, neno lake halijatoka.

Mama wa darajani aliingia kibandani. Alitoka na shuka, na taa, na sufuria yake ya kupikia. Alitembea juu ya daraja. Ubao ulilia. Alipofika katikati alisimama, akaweka sufuria chini, akatazama maji yanayopita chini yake, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mtu anayemwita.

Kishindo akageuza ukurasa. Akaugeuza tena, akaurudisha.

"Kimeisha," alisema.

"Kimeisha vipi?" dereva aliuliza kabla hajajizuia.

"Kimeisha! Amesimama katikati, basi. Ndiyo nini sasa! Miezi yote hii nimepasua simu!" Machozi yalikuwa karibu, ya hasira. "Hawajasema, Shangazi. Hawajasema kama alivuka."

Shangazi alikuwa amefumba macho. Alivyokaa, mgongo kwenye ukuta wenye alama za vitabu, alikuwa kama mtu aliye ndani ya redio, anayesubiri mvua ya uongo ikatike.

"Alitoka na nini kibandani?" aliuliza.

"Shuka na taa."

"Na nini tena?"

"Sufuria."

"Basi alivuka." Akafumbua macho. "Mtu haendi kutazama maji na sufuria ya kupikia, mwanangu. Angekuwa wa kurudi angeiacha jikoni."

Hakuna aliyebisha. Kinyozi alitikisa kichwa, akasema, "Kweli," akarudi kwenye kiti chake. Shangazi akainuka, akafungua mtungi wa dirishani, akautazama, akaufunga akauacha palepale. Kisha akanyoosha mkono rafuni, akashusha birika, akalipiga kofi la mgongoni kutoa vumbi, akalikumbatia kifuani.

"Twende," alimwambia mdogo wake. "Si ulikuwa na haraka?"

Mlangoni alimshika Kishindo kichwa, akamtikisa kidogo. "Hicho ni chako. Usikiwekee simu tena."

"Nawe nani atakusomea huko?"

"Kuna mtoto kule. Atakua." Akafikiri. "Mpaka hapo, una simu. Piga unisomee. Hiyo si ndiyo kazi yake?"

Akamgeukia msafiri, akainama, akachungulia pembe ya simu kati ya vidole vyake. "Bado. Jua likifika kwenye bawaba ya mlango, achia. Muuza makava atakuja kufunga. Safari njema, baba."

"Safari njema, Shangazi," alijibu, naye akatambua kwamba kwa miaka mingi wapitao wote waliambiwa maneno hayo na yeye, na huenda hii ndiyo mara ya kwanza anaambiwa.

Gari likanguruma, likayumba kwenye shimo la kwanza, maboksi yakalia kama ubao wa daraja. Dirishani ulionekana mkono mmoja ukipunga, na birika pajani. Msafiri alitaka kupunga, lakini viganja vyake vilikuwa na kazi, akabaki amesimama mlangoni amevifumbata kifuani kama mtu anayeomba, hadi gari likapinda mwisho wa ukuta.

Chumba kikawa kimya. Kishindo alikuwa ameketi kwenye benchi, kitabu gotini, akikipapasa jalada.

"Mjomba," alisema, "unajua mimi nilianzia katikati? Nilimkuta yule mama ameshazeeka."

"Mimi sijui kitu chochote."

"Gundi?"

Akatazama nuru ukutani. Bado ilikuwa mbali na bawaba. "Bado."

"Basi kaa," alisema msichana, akafungua ukurasa wa kwanza. "Usizibe mwanga."